Mistari Minne Niliyomnyima Mkwe Wangu

Nilimnyima mkwe wangu mistari minne ya Biblia, na nilimnyima kwa siku tisa. Nasema nilimnyima kwa sababu kitabu kilikuwa mkononi mwangu, macho ya kusomea nilikuwa nayo, na mistari yenyewe niliijua kuliko njia ya mtoni. Watu wanaoniona leo nimeketi kanisani na miwani yangu hudhani nilizaliwa mpole. Sikuzaliwa mpole. Mama yangu alikuwa akisema hasira yangu ingeivisha mkungu wa ndizi mbichi, na hakuwa anatania.

Ilikuwa wakati wa Wajerumani, mwaka wa pili wa vita vyao na Waingereza. Waingereza walikuwa ng'ambo ya Songwe, Wajerumani upande wetu, na sisi tulikuwa katikati tukibeba mizigo. Mimi nilikuwa nimeolewa Ngonga, nikitokea Makwale kwa wazazi wangu, ambao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kubatizwa, na ndiyo maana nilijua kusoma. Mume wangu alisoma shule ileile ya misheni. Kitabu tulichokuwa nacho nyumbani kilikuwa chake: Agano Jipya kwa Kinyakyusa, na nyuma yake kurasa za habari za Agano la Kale na Zaburi chache ambazo alizishonea humo mwenyewe kwa mkono. Baba yake hakubatizwa. Hakuwa adui wa Kitabu. Alisema tu kwamba maneno ya Kyala, yaani Mungu, ni mazuri, ila yanataka mtu asiye na ng'ombe wa kuchunga. Mama wa mume wangu alikuwa amekwisha kufariki. Kulikuwa na ndugu mmoja tu, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu kwa mama mwingine.

Sasa hapa sharti nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hutaelewa jinsi watu wazima wenye akili timamu wanavyoweza kukaa katika mji mmoja wa familia na kutojua lolote. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake, wala baba mkwe hamtazami yeye. Ukimwona kwa mbali njiani, unaingia migombani, unachuchumaa na kujifunika uso mpaka hatua zake ziishe. Nyumbani mwake huingii. Kuongea naye huongei. Ukiwa na neno, unalituma kwa kinywa cha mwingine. Si chuki, ni heshima, na wazee walisema anayeivunja hujiletea ugumba na magonjwa. Wazungu wa misheni walituambia tunaweza kuiacha. Tuliacha mengi tulipobatizwa, lakini hiyo ilitushinda, kwa maana nani angekubali kuwa wa kwanza? Nilikaa Ngonga miaka minne nikimjua mkwe wangu kwa kikohozi chake, kwa mgongo wake na kwa alama za fimbo yake kwenye tope. Uso wake sikuwahi kuuona.

Mvua za kwanza zilipolainisha udongo nilikwenda Makwale kumwuguza mama. Nilikaa huko wiki tatu. Niliporudi nilikuta nyumba yetu imefagiliwa, majivu yamepoa, na mume wangu hayupo.

Habari nilizipata mtoni, mahali habari zote zinapopatikana, za kweli na za uongo. Askari walikuwa wamepita wakitaka mwanamume mmoja kwa kila mji awe mpagazi. Wanawake waliokuwa wakipanda mpunga waliona kwa mbali. Mzee alikuwa ameketi mlangoni pake, wana wake wawili wamesimama mbele yake, askari wamesimama pembeni. Mzee akanyanyua mkono. Wakaondoka na mume wangu.

"Amemtoa wa Kitabu, amebakiza wa ng'ombe," mmoja wao akasema, na wengine wakaguna.

Nilijaza mtungi wangu nikarudi. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na hasira ni nzuri kwa kazi. Siku ile nililima mpaka mikono ikatoa malengelenge. Nimwulize nani? Baba mkwe sikuweza kumwuliza. Shemeji alinijia mara tatu. Mara ya kwanza alisimama uani akasema, "Shemeji, nisikilize kidogo," nami nikamjibu, "Mwenye kukusikiliza yuko safarini na mzigo wako kichwani." Mara ya pili nilimgeuzia mgongo. Mara ya tatu nilimwaga maji ya kuoshea vyombo karibu na miguu yake, majirani wakitazama, na hakuja tena. Kila nilipomwona akienda kondeni, mzima, amebeba jembe begani, niliona kama bega lile ni la kuibwa.

Miezi ikapita bila habari. Waliosikika wamekufa walikuwa wengi; waliosikika wako hai walikuwa wachache na mbali. Kisha masika yakaingia kwa nguvu, yale ya kwetu ambayo maji huingia ndani na kuketi kama mgeni, na mkwe wangu akaanguka kitandani kwa kifua.

Dada yake, mjane aliyekuwa akikaa Mbugani, akaja kumwuguza. Mimi nilimwita shangazi kama mume wangu alivyomwita. Huyu hakuwepo siku ile ya askari, na hakujua zaidi ya nilivyojua. Siku moja akaja kwangu akitikisa matope miguuni.

"Kaka anaomba umsomee Kitabu," akasema. "Mwanawe alikuwa akimsomea. Sasa hakuna mwingine ila wewe."

Nilikubali haraka mno. Yeye alidhani ni upole.

Nilipangiwa pa kukaa nyuma ya nyumba yake, penye migomba. Ukuta ulikuwa wa mianzi, na mvua zilikuwa zimebandua udongo kwa kiasi cha mkono mmoja, hivyo sauti ilipita. Niliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mgongo nimeuelekeza ukutani. Yeye alilala upande wa pili, labda hatua mbili kutoka kwangu. Hata hivyo tuliongea kwa kupitia shangazi, aliyekuwa ndani akichochea moto.

"Mwambie mama, nimemshukuru kwa kuja," mzee alisema, nami nikasikia kila neno.

"Anakushukuru kwa kuja," shangazi akarudia.

"Mwambie tata, ndaga," nikasema, maana kwetu baba ni tata na asante ni ndaga.

"Amesema ndaga."

Ungekuwa mchezo wa kuchekesha kama moyo wangu ungekuwa mahali pake. Lakini nilikuwa nimekwisha kuchagua nitakachosoma, na nilichagua kama mtu achaguavyo fimbo, nikizijaribu moja moja. Siku ya kwanza nilimsomea ndugu wawili shambani, mmoja akamwua mwenzake, na damu ikalia kutoka ardhini. Siku ya pili nilimsomea wale kaka waliomtumbukiza mdogo wao shimoni kisha wakamwuza kwa wasafiri. Nikaishia pale baba anaporarua nguo zake. Ya mbele, kwamba kijana hakufa, kwamba siku moja baba yake alimkumbatia tena, sikuyagusa. Mzee alisikiliza yote bila kukatiza. Mwisho alikohoa, akasema ashukuriwe mama.

Siku ya tatu aliuliza mwenyewe.

"Mwambie mama," alisema, na sauti ilikuwa nyembamba. "Je, humo mna mtu aliyemtoa mwanawe?"

Shangazi hakuwahi kurudia. Nilikuwa nimekwisha kufungua ukurasa.

Kila aliyekanyaga kanisani anaijua habari hiyo. Mzee amepata mwana uzeeni, Mungu anamwambia akamtoe sadaka mlimani. Wanapanda wawili. Mtoto amebeba kuni, baba amebeba moto na kisu. Mtoto anauliza kondoo yuko wapi. Nilisoma polepole, nikikazia maneno yaliyostahili kukaziwa. Niliposoma kwamba kijana alibeba kuni mgongoni mwake mwenyewe, nilisikia kitanda kikilia. Nilisoma mpaka pale baba anapomfunga mwanawe, anamlaza juu ya kuni, ananyoosha mkono na kushika kisu amchinje. Nikafunga kitabu.

Mvua ilikuwa imekatika. Maji yalidondoka kutoka kwenye majani ya migomba.

"Kisha?" mzee akauliza.

"Anauliza kisha," shangazi akasema.

"Mwambie tata, imeishia hapo."

Nilinyanyuka nikaenda zangu. Nakumbuka nilitembea vizuri sana, kichwa juu, kama mtu aliyeshinda shauri barazani.

Siku nane zilizofuata sikwenda kusoma. Kila siku mzee alimtuma shangazi aulize kama kwa kweli hakuna neno lililobaki, na kila siku nilijibu kwamba nimesoma yote yaliyoandikwa. Shangazi hakujua kusoma. Angenikatalia kwa lipi? Jumapili nilikwenda ibadani. Tulipofika penye sala ile ya kuomba tusamehewe kama sisi tunavyowasamehe wengine, mdomo wangu ulikwama, na mama aliyeketi kando yangu akanitazama. Nilijisingizia kikohozi. Nikajiambia: mimi sikumdhuru mtu, nimemwacha tu na habari yake. Uongo wa aina hiyo ni mtamu kwa kuwa una kipande cha ukweli ndani.

Siku ya nane ya hizo shangazi hakuuliza kitu. Alifika uani kwangu na fimbo ya mzee mkononi, nikadhani anataka kunipiga.

"Umemfanya nini ndugu yangu?" akasema. "Tangu siku ile hali chakula. Uji anaurudisha. Nimemwambia amwombe Kyala, ananijibu hakuna wa kumwomba. Anasema kama Kyala alimtazama yule mzee mpaka kisu kikashuka, basi Naye ni kama sisi tu. Mtu anakufa huku hana wa kumwita! Ni kitabu gani hicho mlichopewa?"

Alikuwa akilia. Nilimwambia nitaangalia. Nilisema hivyo tu, nitaangalia, kama mtu aliyeombwa mbegu.

Alipoondoka nilikaa kizingitini na kitabu magotini. Nilitaka kujisomea kitu cha kunituliza, Zaburi au maneno ya Bwana kwa waliolemewa. Nilifungua hapa, nikafungua pale. Maneno yalikuwepo lakini hayakuniingia. Nilikuwa kama mtu anayekunywa maji kwa mtungi uliotoboka. Nikaogopa. Nilikuwa nimedhani ninamfungia yeye mlango, kumbe mimi nami nilikuwa upande huohuo wa mlango. Mwisho nikarudi kwenye mlima ule ule, kwa kuwa vidole vilikuwa vimeshazoea ukurasa.

Mistari hiyo nilikuwa nimeisoma tangu utotoni, tena nimeikariri mbele ya mwalimu. Lakini siku ile niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Sauti kutoka mbinguni haikumwita yule mzee mara moja. Ilimwita mara mbili, jina na jina tena. Mtu huitwa mara mbili akiwa hasikii. Alikuwa ameshaamua, mkono umeshanyanyuka, na masikio ya mtu aliyeamua hufungwa. Nikatazama mikono yangu juu ya kitabu. Kule ndani ya nyumba ya mkwe wangu kulikuwa na mtu amelala amefungwa kwa maneno yangu, na kisu kilikuwa kwangu. Siku zote nilikuwa nimejiweka upande wa kijana aliye juu ya kuni. Hakuna siku niliyowaza kwamba habari ile inanihusu mimi kama mwenye kisu.

Sikungoja mvua iishe. Nilijitwika ungo juu ya kitabu nikaenda, nikaketi juu ya kinu kilicholowa.

"Shangazi, mwambie tata kuna mistari niliyoiruka," nikasema. "Mwambie niliiruka kwa makusudi."

Shangazi hakurudia. Nikasoma. Nikasoma jinsi sauti ilivyoita mara mbili, ikasema usinyooshe mkono wako juu ya kijana, usimtendee neno. Nikasoma jinsi yule mzee alivyoinua macho akaona nyuma yake kondoo dume amenaswa kichakani kwa pembe zake, akamchukua, akamtoa badala ya mwanawe. Nilipomaliza nilingoja kikohozi, au shukrani. Nikadhani nimechelewa.

"Mama," mzee akasema.

Hakusema mwambie mama. Nilisikia shangazi akishtuka, "Kaka!"

"Yule kondoo alikuwa amenaswa?"

"Alikuwa amenaswa kwa pembe, tata," nikajibu, na jibu lilikuwa limeshatoka kabla sijakumbuka kwamba siruhusiwi.

"Wetu hakunaswa."

Akapumzika, kisha akaeleza, kipande kwa kipande, kifua kikimkata kila mara. Askari walikuwa wamemfunga kamba mwanawe mdogo, shemeji yangu, ambaye siku ile alikuwa na homa na alisimama akitetemeka. Mume wangu alitokea mtoni amebeba dema la samaki begani. Akaliweka chini. Hakuwagombeza askari wala hakumwuliza baba yake. Aliifungua kamba ile kwenye mkono wa mdogo wake akaifunga kwenye wake, polepole, huku akimwambia akalale.

"Nilinyanyua mkono nimzuie," mzee akasema. "Nikaona nikimzuia huyu, yule anakufa njiani. Nikaushusha. Sikuita. Huyo wa kitabuni mwako ameita mara mbili. Mimi sikuita hata mara moja."

Kwa hiyo ndio mkono waliouona wanawake. Niliketi pale na maji ya mvua yakinipita shingoni, na hasira yangu, niliyoilisha na kuilea miezi yote ile, ikakosa mahali pa kukaa. Ikamgeukia mume wangu. Alikwenda bila kuniuliza! Wiki tatu tu ningekuwa nimerudi, na yeye akajifunga kamba kwa mikono yake kama vile hana mke. Nilitaka kumpiga. Nilitaka awe mbele yangu nimpige mpaka nichoke.

"Hakuacha neno?" nikauliza.

"Alimwachia mdogo wake. Amesema alikuja kwako mara tatu."

Nikakumbuka yale maji ya vyombo.

"Alisema uambiwe usikasirike mpaka arudi," mzee akaendelea, na nadhani alitabasamu, maana sauti ililainika. "Akirudi mtakasirika pamoja."

Wahubiri wengi wamenieleza tangu siku ile kwamba kondoo yule wa kichakani ni kivuli cha Mwokozi, na mimi naamini hivyo, nimeliwekea neno hilo maisha yangu. Lakini hawanielezi mbona mwenye kukombolewa huandikwa kwa jina na safari yake yote, na kondoo huandikwa kwa mstari mmoja. Naye alitoka mahali asubuhi ile. Nimeuliza katika sala, na jibu sijapata, na sijaacha kuuliza.

Mume wangu hakurudi. Waingereza walikuja, Wajerumani wakaondoka, wapagazi wachache wakarejea wamekonda hata mama zao wakawauliza majina. Hakuna aliyejua alipozikwa. Mkwe wangu mwenyewe alifariki mpunga ukiwa bado kijani. Shemeji nilimwomba radhi siku ya msiba, mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu ndiko nilikomwagia maji.

Ila siku ile ya mvua kulikuwa na neno moja zaidi.

"Ingia ndani," mzee akasema. "Mtu haombi msamaha kwa ukuta."

Shangazi akaanza kumsihi, akataja ugumba wangu, akataja mizimu. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilizunguka nyumba, nikainama mlangoni, nikaingia mahali nilipokuwa sijawahi kuingia kwa miaka minne. Sikuwa nimeamua nitamwambia nini. Nadhani nilitaka kwanza kumwona mtu niliyemchukia, ili nijue msamaha wangu unaenda kwa nani. Nikaondoa nguo usoni, nikainua macho.

Alikuwa mume wangu. Paji lile, midomo ile, sikio la kushoto lililokunjika kwa juu. Ila nywele zilikuwa nyeupe na mashavu yamebonyea. Wanawake wenzangu waliozeeka na waume zao waliuona uso wa namna hiyo ukija kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, hata wasiutambue unavyokuja. Mimi niliuona mchana mmoja juu ya kitanda cha mianzi, ukiniuliza kama nimesamehe, nikasema ndiyo kabla sijajua ni nani kati ya baba na mwana ninayemjibu.